Niya Iliyoandikwa na Niya Iliyofichwa

Kuna mas-ala moja ambayo siku hizi yaingia katika nyumba nyingi za miji yetu ya pwani, nayo husemwa kwa sauti ndogo kana kwamba ni siri ya biashara. Kijana amekwenda Kanada kusoma. Amemaliza masomo yake. Sasa ataka makazi ya kudumu, yaani zile ambazo watu huziita kwa mkato "karatasi". Fomu yamwuliza: wakusudia kukaa jimbo gani? Moyo wake uko Montreal, na kalamu yake yaandika Toronto. Je, huu ni uwongo, au ni werevu wa mtu atafutaye maisha?

Twapenda leo kuitazama mas-ala hii kwa utulivu, kwa sababu tumeona kuwa wengi wanaoitolea hukumu hawaijui vyema, na wengi wanaoijua vyema hawapendi kuitolea neno. Na asiyejua jambo lilivyo hawezi kulihukumu kwa haki. Basi yatupasa kwanza tuifahamu kanuni yenyewe, na sababu ya kuwekwa kwake, kisha ndipo tumtazame huyo aliyeshika kalamu.

Kanada ni nchi ya majimbo 10 na maeneo 3. Katika majimbo hayo, moja liitwalo Quebec lina khabari yake peke yake. Mji wa Quebec uliasisiwa na Wafaransa mwaka 1608. Mwaka 1759 Waingereza waliuteka, na kwa mkataba wa mwaka 1763 nchi yote ile ikatiwa mikononi mwa mfalme wa Uingereza. Watu wake, walakini, hawakuiacha lugha yao. Hata leo zaidi ya watu 7 katika kila 10 wa jimbo hilo lugha waliyonyonya kwa mama zao ni Kifaransa, na hali wamezungukwa pande zote na mamilioni ya wasemao Kiingereza. Mtu aliye katika hali kama hiyo huiangalia lugha yake kama aliyebeba taa penye upepo: kila mara huweka mkono kuikinga.

Mkono huo wa kuikinga ndio sheria zao. Mwaka 1977 jimbo lilitoa sheria ya kukifanya Kifaransa kuwa lugha ya kazi, ya biashara, ya mabao ya maduka, na ya skuli wanazosomeshwa watoto wa wageni. Mwaka 2022 sheria hiyo ikatiwa nguvu zaidi. Na katika khabari ya wageni, Serikali Kuu ya Kanada na serikali ya Quebec zilipatana mwaka 1978, kisha zikafanya mkataba mkubwa zaidi mwaka 1991, kwamba Quebec ndiyo itakayowachagua wenyewe wale wageni wanaokuja kwa ajili ya kazi na kukusudia kukaa katika jimbo lake. Serikali Kuu imebakiwa na kazi ya kupima afya ya mtu na kuchunguza usalama wake, na kumpa makazi yenyewe. Lakini kuchagua ni kwa Quebec. Na Quebec, kwa muda mrefu, sharti lake kubwa kwa mafundi na wasomi limekuwa Kifaransa. Wao wana kipimo chao cha madaraja 12, na wamezoea kumtaka mwenye ujuzi afike daraja la 7 katika kusikia na kusema.

Kwa hivyo milango ni miwili. Mlango wa kwanza ni wa Quebec, na ufunguo wake ni Kifaransa. Mlango wa pili ni wa Serikali Kuu, ule uitwao Express Entry, uliofunguliwa Januari 2015. Huo wa pili mtu aweza kuuingia kwa Kiingereza chake. Hupewa alama kwa umri, elimu, kazi na lugha, na wenye alama nyingi ndio wanaoitwa. Lakini anayeuingia hutakiwa aseme kwamba akusudia kukaa nje ya jimbo la Quebec. Tazama vyema: haambiwi kwamba asiwe amepata kusoma au kufanya kazi Quebec. Kijana aliyesoma Montreal katika chuo kikuu cha McGill au cha Concordia, ambavyo vyote viwili husomesha kwa Kiingereza, na akafanya kazi katika mji huo, si kosa lake kuuendea mlango wa Serikali Kuu. Anachoulizwa ni niya yake ya mbele: wataka kukaa wapi?

Na hapa ndipo fundo lilipo. Kwani Katiba ya nchi hiyo, katika Mkataba wake wa Haki wa mwaka 1982, kifungu cha 6, yasema kuwa kila raia na kila mwenye makazi ya kudumu ana haki ya kuhamia jimbo lolote na kutafuta riziki yake humo. Maana yake ni kwamba mtu akishapewa karatasi zake, hapana askari wa kumzuia asipande gari la moshi la kutoka Toronto kwenda Montreal. Wajanja wameliona hilo, wakafanya kanuni yao: "Andika Toronto, chukua karatasi, kisha rudi zako Montreal. Sheria yenyewe yakuruhusu."

Maneno haya yana sura ya kweli, na ndiyo maana yapendeza. Twataka kuyachambua.

Tuwachukue watu watatu. Mtu wa kwanza alikusudia Toronto kwa moyo wake wote. Aliandika Toronto, akapewa makazi, akaenda Toronto, akatafuta kazi miezi mingi asipate. Au mkewe akapata kazi Montreal. Au mamake mzazi aliyeko huko akawa mgonjwa. Akahama. Mtu huyu hakusema uwongo wala hakuvunja ahadi. Niya yake ilikuwa kweli siku aliyoiandika, na hali ya dunia ikageuka. Ile haki ya kuhama iliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye, ili mwanadamu asifungwe mahali kama mbuzi kwenye mti.

Mtu wa pili hakukusudia Toronto hata siku moja. Nyumba yake ya kupanga Montreal hakuiacha. Kazi yake iko pale pale. Hata begi hakulifunga. Aliandika Toronto kwa kuwa aliona hilo ndilo neno lifunguayo mlango. Huyu amesema uwongo, na hakuna namna ya kulizunguka jambo hili. Haki aliyopewa ya kuhama ni haki ya mtu aliyekwisha kupewa makazi. Si haki ya kusema uwongo ili apewe. Mfano wake ni mtu aliyeazimwa fedha kwa kusema kuwa ataka kumtibu mwanawe, naye alikuwa akitaka kununua pikipiki. Kweli, fedha zikishaingia mkononi aweza kununua apendacho. Lakini aliyemwazima hakumwazima mnunuzi wa pikipiki, alimwazima mzazi wa mgonjwa.

Mtu wa tatu ndiye mwenye shida zaidi, nasi twaona kuwa wengi wa vijana wetu ni yeye. Huyu haijui niya yake. Asema moyoni: "Nikipata kazi nzuri Toronto nitakwenda, nisipopata nitabaki." Je, yeye ni mwongo? Jawabu yetu ni kwamba mtu hawi mwongo kwa kuwa na shaka, lakini huwa mwongo kwa kuifanya shaka yake kuwa pazia. Na ajipime kwa vitendo, kwani niya ya kweli haikosi alama. Aliyekusudia safari hutafuta tikiti. Je, ameomba kazi hata moja Toronto? Ameuliza bei ya nyumba? Amemwambia mkewe? Ikiwa amefanya hayo, basi ana niya, ijapokuwa ni dhaifu, na aandike bila ya khofu. Ikiwa hakufanya hata moja, basi ile "pengine" yake ni neno tu alilolitafuta ili apate kulala usingizi.

Kuna na wale wanaojenga hila juu ya hila. Mtu hupanga chumba Ottawa kwa miezi miwili, apokee barua zake huko, kisha avuke daraja. Ottawa iko Ontario. Ng'ambo ya mto iko Gatineau, nayo ni Quebec. Kwa dakika chache mtu hutoka jimbo hili akaingia lile, na maelfu hufanya hivyo kila asubuhi kwa ajili ya kazi. Mwenye kukaa Ottawa kwa kweli, akafanya kazi Gatineau, hana lawama, kwa sababu aliulizwa makazi, hakuulizwa kazi. Lakini mwenye kupanga chumba asichokilala, huyo ameongeza ushahidi wa uwongo juu ya uwongo. Mbili hizi zafanana machoni pa mpita daraja. Hazifanani mbele ya mwenye kujua yaliyomo vifuani.

Sasa tuzitazame hoja zinazotolewa, maana si haki kuwalaumu watu bila ya kuwasikiliza.

Hoja ya kwanza husema: "Kanuni yenyewe ni ya dhulma. Wanaifanya lugha kuwa boma la kuwazuia watu." Twajibu kwamba hapa pana masuali mawili, na watu huyachanganya kusudi. Kama kanuni ni ya dhulma au si ya dhulma, hilo ni suali moja. Kama ulimi wangu wasema kweli au hausemi, hilo ni suali jingine. Mtu akiiona kanuni kuwa mbaya, aweza kuipinga hadharani, aandike, ashtaki, au aende penginepo. Anayeipinga hadharani huwafaa na wengine. Anayeipita kwa siri hujifaa peke yake, na kanuni huibakisha ilivyo.

Tena, kabla ya kuiita dhulma, tujitazame na sisi. Katiba yetu ya zamani ilimtaka mgeni anayeomba uraia wa Kenya awe akijua Kiswahili ya kutosha. Sheria yetu ya uraia ya mwaka 2011 nayo yamtaka aweze kufahamu na kusema Kiswahili au lugha mojawapo ya wenyeji. Hatujasikia mtu wa pwani akilia kuwa hilo ni dhulma. Bali twamcheka mgeni aliyekaa Lamu au Malindi miaka 20 na hajui kumjibu mzee "marahaba". Twasema hana adabu, amekuja kula wala hakuja kukaa. Basi lile tunalolitaka kwa mgeni wetu kwa jina la adabu, vipi liwe dhulma tukitakiwa sisi tulipokuwa wageni? Wahenga walisema ukenda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Nao hawakusema fumba ukiwa wawaona, kisha fumbua wakigeuka.

Hoja ya pili husema: "Jimbo lile halitupendi. Mwaka 2019 limetoa sheria ya kumkataza mwalimu wa skuli za serikali asivae mtandio akiwa kazini. Kwa nini tuwe wakweli kwa watu kama hao?" Sheria hiyo ipo, na uchungu wake twaufahamu. Lakini hoja yenyewe yageuka ikamrudia mwenyewe. Ikiwa jimbo ni baya kiasi hicho, kwa nini anasema uwongo ili akae humo, na majimbo mengine yamefunguliwa kwake kwa Kiingereza anachokijua? Na kama ataka kukaa humo pamoja na ubaya wake, basi bila shaka ameona humo kheri inayopita ubaya huo, na kheri hiyo ina bei yake. Zaidi ya hayo, ukweli si zawadi tunayompa mtu kwa kuwa atupenda. Ukweli ni sifa ya msemaji, si malipo ya msikilizaji. Mfanyabiashara asiyepunja mizani kwa rafiki tu, na kwa wengine akapunja, huyo ni mpunjaji.

Hoja ya tatu husema: "Hapana anayedhurika." Hii ndiyo hoja tuisikiayo mara nyingi, na ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote. Nafasi za makazi kila mwaka zina idadi. Wanaoitwa katika mlango wa Serikali Kuu huitwa kwa mpango wa alama, mmoja mbele ya mwingine. Nafasi aliyoichukua mtu asiyekusudia kukaa Winnipeg wala Halifax wala Toronto, aliikosa mwenziwe aliyekusudia. Huyo hatumjui jina wala hatumwoni uso; na kwa kuwa hatumwoni, twasema hayupo. Kadhalika yuko kijana mwingine, pengine mtoto wa jirani, aliyesikia sharti la Quebec akalishika. Usiku akitoka kazini amechoka, huketi darasani kujifunza kugawanya majina yao ya kike na ya kiume. Miaka miwili amefanya hivyo. Je, tumwambie nini? Kwamba alikuwa mjinga? Mji ambao mkweli ndani yake huonekana mjinga, hakika una maradhi.

Na yuko wa tatu anayedhurika, naye ni yule atakayekuja kesho. Afisa akishatiwa katika uwongo mara kumi, wa kumi na moja hatamwamini, ijapokuwa ni mkweli kama jua. Kila mwongo huacha nyuma yake mlango mwembamba kuliko alivyoukuta. Wazee wetu walisafiri kwa majahazi mpaka Maskati na Bombay, wakachukua mali za watu kwa neno tu. Neno lile halikuwa la mtu mmoja. Lilikuwa la mji mzima. Aliyelivunja alivunja la wote.

Hoja ya nne husema: "Si mimi niliyeandika, ni wakala." Wakala huyo hulipwa dola nyingi, hujaza fomu, na kijana hutia sahihi pasina kusoma. Lakini sheria ya uhamiaji ya nchi ile, iliyopitishwa mwaka 2001, yamtaka mwombaji ajibu kweli kila anachoulizwa; na uwongo wa jambo lenye uzito, mtu aliousema mwenyewe au aliosemewa na mwengine, humrudia yeye. Adhabu yake ni kuzuiliwa kuingia nchini, muda ambao ulikuwa miaka 2 na tangu mwaka 2014 umekuwa miaka 5. Na likifika mahakamani kama jinai, huweza kufika faini ya dola 100,000 au kifungo cha miaka 5, au vyote viwili. Wakala huyo hatakuwako siku hiyo. Amekwisha kula.

Wengine hujibu kwamba ni taabu kuithibitisha niya ya mtu, na kwamba walioshikwa ni wachache. Huenda ikawa ni hivyo. Lakini hoja hiyo si ya kuonyesha kuwa jambo ni halali. Ni ya kuonyesha kuwa mwizi aweza kukimbia. Na kwa kweli, twaona kuwa suali la niya ni zito zaidi kwa sababu hiyo hiyo kwamba haliwezi kuchunguzwa. Mtu akiulizwa umri, kuna cheti. Akiulizwa elimu, kuna shahada. Akiulizwa niya, hakuna shahidi ila yeye mwenyewe. Aliyemwuliza amejiweka mikononi mwake, amemfanya kuwa shahidi na hakimu wa nafsi yake. Hiyo ni amana. Na amana ambayo hakuna awezaye kuidai ndiyo ipimayo uaminifu. Ile yenye hati na mashahidi yapima khofu tu.

Hoja ya tano ndiyo tunayoipa heshima, nayo ni hoja ya dharura. "Mtu akikimbia kifo, nayo mwamwambia asiseme hivi na vile?" La. Anayekimbia panga au risasi ana hukumu yake, na hata sheria za nchi hiyo zimemwekea mlango wake: mkimbizi aliyekubaliwa hukohuko nchini hatakiwi mtihani wa lugha ili apate makazi. Wako ndugu zetu wasemao Kiswahili kutoka Kongo na Burundi waliofika kwa njia hiyo, wengine wao na Kifaransa chao tangu skuli. Lakini kijana mwenye shahada, ambaye milango ya majimbo mengine 9 imefunguliwa mbele yake, haja yake si dharura. Ni tamaa ya kukaa mji aliouzoea, wenye rafiki zake. Tamaa hiyo si mbaya; hata sisi twaipenda miji yetu. Walakini kuiita tamaa kwa jina la dharura ni kuwanyang'anya wenye dharura neno lao.

Haya tumeyasema juu ya kijana. Haki yataka tuseme na juu ya serikali. Kanuni inayomwuliza mtu niya yake leo, na kesho ikamwambia uko huru kwenda utakako, yamtia mtu katika jaribu kubwa. Ni kama mwenye duka aliyewacha fedha mezani akatoka. Pengine ingekuwa bora kanuni imwulize mtu yale awezayo kuyaonyesha, wala si yale yaliyomo moyoni mwake tu. Lau tungekuwa na sauti katika baraza zao tungeyasema hayo. Lakini mwenye duka kuwa mzembe hakumfanyi aliyechukua kuwa si mwizi. Humfanya awe na mshirika katika lawama, basi.

Basi kijana na afanye nini? Twaona njia nne zilizo safi, na hapana hata moja iliyo ya miujiza.

Ya kwanza ni kujifunza Kifaransa. Tangu Juni 2023 serikali ya Quebec imeweka idara moja, Francisation Québec, ya kuwasomesha wageni lugha hiyo bila ya malipo. Na lugha hii si ufunguo wa mlango mmoja tu: tangu mwaka 2023 hata Serikali Kuu huwaita kwa zamu yao mahsusi watu wajuao Kifaransa, wakakae nje ya Quebec. New Brunswick nayo, tangu mwaka 1969, lugha zake za serikali ni zote mbili. Aliyejifunza amefungua milango yote, na aliyesema uwongo amepita katika tundu moja. Sisi watu wa pwani hatuna udhuru wa kuogopa lugha. Mtoto wetu husoma Qur'ani kwa Kiarabu chuoni, akasoma hesabu kwa Kiingereza skuli, akagombana na wenziwe kwa Kiswahili njiani, yote katika siku moja. Asishindwe na ya nne.

Ya pili ni kwenda kweli huko alikokuandika. Toronto, Calgary, Winnipeg na Halifax ni miji ya watu, yenye kazi na misikiti. Aende, akae, ajaribu kwa haki. Akishindwa baada ya kujaribu, ana ruhusa ya kuhama na uso wake mweupe.

Ya tatu ni kusema mapema. Mwombaji ambaye niya yake imegeuka kabla hajapewa makazi, yampasa aarifu. Huenda ombi lake likaanguka. Ni hasara, nasi hatuidharau. Ni miaka, ni fedha, ni machozi ya wazazi. Lakini ni hasara ambayo mtu huijua mwanzo wake na mwisho wake. Hasara ya uwongo haina mwisho unaojulikana, kwa maana kila fomu ya mbele humwuliza tena juu ya fomu ya nyuma.

Ya nne ni kurudi. Twajua kuwa neno hili lachukiza. Mtu aliyerudi kwetu huambiwa ameshindwa. Lakini aliyerudi na shahada yake na ulimi wake safi hakushindwa, na mji unaomcheka ndio ulioshindwa.

Na yule ambaye amekwisha kuandika asichokikusudia, akapewa? Hatumtoi katika jamii, wala hatumwiti kwa jina. Twamwambia mambo matatu. Asijenge uwongo wa pili juu ya wa kwanza siku atakapoombea uraia. Amwendee mwanasheria aliye mwaminifu, amweleze yote. Na zaidi ya yote, asiwafundishe wadogo zake njia hiyo kwa kujisifu, kwani mtu aliyeteleza ni mmoja, na aliyemwaga mafuta njiani ni mwengine.

Neno letu la mwisho ni kwa wazazi, kwa kuwa twaona mzizi wa jambo hili hauko Montreal, uko hapa. Kijana apigapo simu usiku, akasema, "Mama, wataka niandike mji nisioukusudia," humjibu nani? Mara nyingi mjomba au shangazi huichukua simu, akasema, "Andika tu, mwanangu, kila mtu huandika." Na huyo huyo mjomba, kijana alipokuwa na miaka saba, alimchapa kwa kusema kuwa hakula tende na hali ganda la kokwa li mkononi mwake. Kijana atamsikiliza mjomba yupi? Yule wa tende, au yule wa karatasi? Tukimfundisha kuwa uwongo mdogo ni haramu na uwongo mkubwa ni akili, basi hatukumfundisha kusema kweli. Tumemfundisha bei ya kweli, kwamba ikifika kiasi fulani huuzwa.

Tunataka vijana wetu wapate maisha, tena mapana. Hatumwombei hata mmoja wao kurudishwa. Lakini twataka siku mtu wa pwani atakapotia sahihi yake katika karatasi yoyote, ya nchi yoyote, aliyeipokea aseme: huyu akisema atakaa, atakaa. Jina kama hilo halipewi na serikali, wala haliombwi kwa fomu. Hujengwa na watu wengi kwa miaka mingi, na mtu mmoja kwa mstari mmoja aweza kulibomoa.

Hii ndiyo rai yetu. Mwenye hoja iliyo njema zaidi na atuletee, nasi tutaisoma katika darasa letu na kuipima kwa insafu.